Pedali ya limita ya besi kwenye gitaa la stili: dalili, chanzo na tiba

Pedali ya limita niliyonayo ilikuwa ya mpiga besi wetu. Aliponunua ampu yenye limita ndani yake, hii akaniachia mimi. Usiku wa kwanza niliipeleka harusini Langoni, hapa Lamu, bila kugusa nobu hata moja, na nyimbo tatu za mwanzo gitaa langu likasikika kama limefunikwa blanketi. Noti ilitoka, kisha ikakatwa mkia. Mpiga kinanda akanigeukia: "Mbona sauti yako yaja na kurudi kama maji?" Nikaichomoa, nikamaliza shughuli bila pedali. Ilinichukua miezi kuielewa, na sasa siendi kazini bila yake. Namwandikia mwenzangu aliye na pedali kama ile na gitaa kama langu, asije akaitupa kabla hajaijua.

Kwanza tukubaliane kazi yake. Kuna kimo cha sauti unachokiwekea mpaka, tukiite kizingiti. Sauti iliyo chini ya kizingiti hupita kama ilivyo. Iliyovuka, ile ziada yake hubanwa kwa uwiano uliouchagua. Ukiweka uwiano wa 4 kwa 1, noti iliyovuka kizingiti kwa desibeli 12 itatoka imevuka kwa desibeli 3 tu. Ukiweka 10 kwa 1, itatoka imevuka kwa desibeli 1.2, na ni kuanzia hapo ndipo mafundi wa sauti huacha kuiita kompresa wakaiita limita. Pedali ya Boss LMB-3, ambayo wapiga besi wengi wanaijua, ina nobu nne: LEVEL ni sauti ya kutoka, THRESHOLD ni kizingiti, RATIO ni uwiano, na ENHANCE huongeza mng'ao wa sauti za juu. Za kampuni nyingine huandikwa tofauti kidogo lakini mambo ni hayo hayo.

Mpiga besi anataka kila noti iwe na uzito mmoja, kama hatua za mtu anayetembea. Gitaa la stili, lile tunalolilaza mapajani na kulipiga kwa kutelezesha chuma, halina haja hiyo. Tangu Joseph Kekuku alipoanza kutelezesha chuma juu ya nyuzi huko Hawaii mwishoni mwa karne ya 19, raha ya chombo hiki iko katika kile kinachofuata baada ya kudonoa uzi. Mtelezo hutokea kwenye mkia wa noti. Ndiyo maana nalipenda katika taarab: ile sauti ya tatu ya maqam ya rast, mojawapo ya ngazi za sauti za muziki wa Kiarabu, ambayo kinanda cha kawaida hakina kwa sababu inakaa katikati ya vitufe viwili, chuma kinaifikia kama kidole cha mpiga udi kinavyoifikia. Lakini inafikiwa pigo likiwa limeshapita. Basi tiba karibu zote zilizomo humu zinatokana na neno moja: limita ishike pigo, mkia iuache.

Kabla ya kutafuta chochote, chomoa pedali kabisa na uunganishe gitaa na ampu kwa kebo moja. Usitosheke na kuizima kwa mguu, kwa sababu pedali nyingi za aina hii, za Boss zikiwemo, hata zikizimwa sauti bado inapita ndani ya saketi yake. Tatizo likibaki baada ya kuichomoa, pedali haina kosa. Mara nyingi nimeona nyuzi zilizokufa kwa kutu zikimfanya mtu ailaumu limita kwamba inakula mkia wa noti. Huku kwetu nyuzi zilizosokotwa hupoteza uhai wake upesi mno, hasa ukizoea kupiga barazani penye upepo wa bahari.

Noti ya kwanza inang'aa, ya pili inazama

Hii ndiyo dalili iliyonipata Langoni. Unapiga noti kwa nguvu, kisha unafuatisha noti laini, na ile laini haisikiki. Baada ya muda sauti inapanda yenyewe. Ukipiga mfululizo, muziki wote unapumua.

Chanzo ni muda wa kuachia. Limita ikishabana haiachii mara moja, na zile za besi hutengenezwa ziachie polepole kwa makusudi. Uzi mnene wa besi, ule wa E, hutikisika mara 41 kwa sekunde, maana yake mtikisiko mmoja tu unachukua takriban milisekunde 24. Limita ingeachia kwa haraka, ingekuwa inabana na kuachia ndani ya mtikisiko mmoja, na sauti ingekwaruza. Gitaa la stili la nyuzi sita lililotyuniwa C6, yaani C, E, G, A, C, E kutoka uzi mnene kwenda mwembamba, uzi wake wa chini kabisa hutikisika karibu mara 131 kwa sekunde. Kwa hiyo mwendo uliokusudiwa besi unakuwa mzito kwako. Mwenye stili kubwa ya pedali, ile yenye miguu yake na pedali za kubadili noti za nyuzi, ya nyuzi kumi katika C6 hali yake ni afadhali, kwani C yake ya chini iko kwenye 65 na yuko jirani zaidi na besi.

Pedali nyingi za namna hii hazina nobu ya muda wa kuachia, kwa hiyo usiitafute. Tiba ni kuifanya ibane kidogo, ili hata ikichelewa kuachia isikudhuru. Anza na uwiano mdogo kabisa, halafu peleka kizingiti upande ule ambao pedali haibani chochote. Sikutajii kulia au kushoto, kwa sababu watengenezaji hawafanani. Sikio lako litakuambia. Sasa piga noti kali kuliko zote utakazopiga usiku huo, kwa kucha ya gumba, na huku ukiendelea kupiga ugeuze kizingiti taratibu mpaka usikie ncha ya pigo imelainika. Simama hapo. Kisha piga noti ya kawaida, ya wastani: isiguswe hata kidogo. Ikiguswa, umepitiliza, rudi nyuma. Mwisho ongeza uwiano kidogo kidogo. Mimi huishia karibu na 4 kwa 1, na sijaona wimbo wa taarab uliohitaji zaidi kwa stili.

Fanya hivyo ukiwa na kucha zako za chuma vidoleni, kama unazitumia. Ukitafuta mpangilio kwa vidole vitupu nyumbani, halafu uvae kucha harusini, mapigo yatakuwa makali zaidi na kazi yote itaharibika.

Mguu unasukuma, sauti haiji

Hapa ndipo penye shida kubwa, na wengi hawajui kwamba ni shida ya mpangilio wa kebo na siyo ya pedali.

Mpiga stili ana mguu juu ya pedali ya volumu. Hupiga noti mguu ukiwa umerudi nyuma kidogo, na noti inapoanza kufifia anausukuma mbele ili mkia usikike muda mrefu. Kwa hakika mguu wako ni kompresa ya kwanza uliyonayo, na yenye akili kuliko yoyote ya dukani.

Sasa tuseme umeunganisha gitaa, kisha pedali ya volumu, kisha limita. Limita haioni mkono wako, inaona kile mguu unachokiruhusu kupita. Unaposukuma ili kuurefusha mkia, yenyewe inaona sauti imevuka kizingiti na inabana. Unasukuma zaidi, inabana zaidi. Mguu unafika mwisho wa safari yake na sauti iko pale pale. Halafu ukiurudisha mguu mwisho wa sentensi ya muziki, mlio wa "shhh" wa pedali unabaki ukisikika, maana unazaliwa baada ya volumu na mguu hauna amri nao.

Geuza mpangilio: gitaa, limita, pedali ya volumu, halafu pedali ya mwangwi kama unayo, kisha ampu. Limita sasa inaona pigo la mkono wako tu na kulilainisha, na mguu unabaki huru kuongoza mkia. Na ule mlio wa "shhh" unazimika pamoja na sauti unaporudisha mguu.

Kuna faida nyingine ambayo sikuitarajia. Pedali za volumu za kawaida, zisizo na umeme, huwa na potenshometa, yaani kipingamizi cha kuzungusha kinachopunguza sauti, ya kilo-omu 500. Pikapu ya gitaa, kile kifaa kinachonasa mtikisiko wa nyuzi, ikiunganishwa nayo moja kwa moja, kisha kebo ndefu, sauti za juu hufifia kadiri mguu unavyorudi nyuma. Limita ikikaa katikati, umeme wake unaisukuma sauti kwa nguvu na mng'ao haupotei. Siku ya kwanza ukibadilisha, gitaa linaweza kukuchoma sikio kwa ukali. Punguza trebo kwenye ampu, usiguse kizingiti.

Mwangwi nao usitangulie limita. Ukitangulia, kila pigo litaubana mwangwi chini na kuuachia tena, na ukumbi mzima utasikika ukivimba na kunywea.

Jambo lililo karibu na hili: unasikia kubanwa hata ukiwa umeichomoa limita yako. Mwulize fundi wa mitambo. Mikseta nyingi zina kompresa kwenye kila njia, na huenda aliiacha imewashwa baada ya mwimbaji wa wimbo uliotangulia. Zungumza naye kwa upole, kwani usiku ni mrefu na unamhitaji.

Ukipiga uzi mnene, nyuzi nyembamba zinapotea

Unashika sauti ya juu kwa uzi wa kwanza, gumba linagusa uzi wa chini kutia uzito, na papo hapo ile ya juu inazama. Limita ina sikio moja tu. Haijui nyuzi ziko ngapi. Hupima jumla, na uzi mnene ndio wenye nguvu nyingi. Ukivuka kizingiti, nyuzi zote hubanwa pamoja nao.

Chukua bisibisi kabla ya kugusa pedali. Shusha pikapu upande wa nyuzi nene, ipandishe kidogo upande wa nyembamba, nusu mzunguko kwa wakati, huku ukisikiliza kwa ampu bila limita. Nyuzi zikisikika sawa bila limita, nusu ya shida imekwisha. Nusu iliyobaki iko kwenye gumba lako.

Sauti inapasuka

Hapa tofautisha mambo mawili. Sauti ikipasuka kwenye pigo tu, na kugeuza kizingiti hakubadilishi chochote, basi inapasuka mlangoni, kabla haijafika sehemu ya kubana. Pikapu za stili huwa na nguvu: nyingi za stili ya pedali zimezungushiwa waya mpaka kufikia kilo-omu 15 hadi 20, wakati pikapu za gitaa la kawaida zenye koili moja huwa 6 hadi 8. Na pedali ina volti 9 tu za kufanyia kazi. Shusha pikapu mbali na nyuzi, au rudisha volumu ya gitaa kidogo. Usijaribu kuitia volti 18 ili kuipanulia nafasi, isipokuwa kama imeandikwa yenyewe kwamba inaruhusu, utaichoma.

Ikiwa sauti ilikuwa safi saa mbili usiku na saa tano imeanza kupasuka na taa imefifia, hiyo ni betri. Katika pedali za Boss na nyingi nyinginezo, kuchomeka kebo kwenye tundu la kuingizia ndiko kunakoiwasha, hata kama hujaikanyaga. Ukiiacha na kebo toka mazoezi ya alasiri, usiku utaikuta hoi. Chomoa kila unapopumzika.

Kuna pia pedali za zamani za Boss zilizoandikwa ACA, ambazo zilikusudiwa adapta ya volti 12. Ukizipa adapta ya kisasa ya volti 9, taa huwaka kwa unyonge. Hiyo siyo dalili ya kufa, ni adapta isiyo yake.

Mvumo na "shhh"

"Shhh" peke yake inatokana na wewe kuibana sauti sana, kisha kuirudisha juu kwa LEVEL. Kila desibeli unayoongeza hapo, uchafu nao unapanda desibeli ile ile. Punguza kubana, LEVEL itashuka yenyewe. ENHANCE iweke sifuri. Kwa besi inasaidia kucha na nyuzi zisikike. Kwa stili inaamsha kila mkwaruzo wa chuma juu ya uzi. Kama mkwaruzo ni mkubwa hata ENHANCE ikiwa sifuri, pitisha kucha ya kidole juu ya chuma chako. Ukihisi vijishimo, chumvi imeshaanza kukila, na hakuna nobu itakayokulainishia.

Mvumo wa umeme una chanzo chake. Umeme wetu Kenya ni wa hezi 50, yaani mitikisiko 50 kwa sekunde. Mvumo mzito, karibu na noti ya G ya chini kwenye besi, ni ule wa hezi 50, na mara nyingi unaingia kwa njia ya pikapu: kaa sawa na gitaa lako, kisha uzungushe kiti pole pole. Ukipungua kwa pembe fulani, piga ukiwa umeelekea huko, na sogea mbali na ampu na taa. Mvumo wa oktava moja juu, wa hezi 100, unaelekea zaidi kwenye adapta. Itoe, weka betri. Ukitoweka, adapta ndiyo mbaya. Zile za redio zinazouzwa bei nafuu nyingi hazichujwi vizuri, na baadhi zina chanya katikati ilhali pedali nyingi zinataka hasi katikati. Soma mchoro mdogo ulio karibu na tundu kabla ya kuchomeka.

Na hapa naomba nisikilizwe vizuri. Nimewaona watu wakiinyima plagi ya pini tatu ule mguu wake wa ardhi, kwa kuukata waya au kwa kutumia plagi ya pini mbili, ili mvumo unyamaze. Mvumo unanyamaza kweli. Lakini mpiga stili ameshika chuma mkononi kinachogusa nyuzi zote, na nyuzi zimeungwa na ardhi ya ampu. Siku ampu itakapovujisha umeme, njia iliyobaki ni mwili wako, hasa ukisogeza midomo kwenye maikrofoni iliyounganishwa kwingine, au miguu ikiwa juu ya sakafu yenye maji. Kama unavuma kwa sababu vyombo vinapata umeme kutoka soketi za vyumba tofauti, viunganishe vyote kwenye eksitensheni moja nzima yenye ardhi. Waya wa ardhi usiguswe.

Krrr ukigeuza nobu, sauti inakatika ukigusa kebo

Chumvi. Kaskazi au kusi, upepo wa Lamu unaileta mpaka ndani ya mifuko. Zima, toa betri, chomoa kila kitu. Pulizia dawa ya kusafishia swichi za umeme, ile isiyoacha mafuta, kwenye uwazi wa potenshometa, kisha zungusha nobu mwanzo hadi mwisho mara ishirini. Matundu ya jeki yasafishe kwa spiriti ya isopropili na kijiti cha pamba. Jeki zenyewe zifute kwa kitambaa kikavu kila baada ya kupiga. Mafuta ya nazi usiyatumie. Yanalainisha leo na kesho yameshika vumbi.

Pedali ikilowa maji ya bahari, tuseme umevuka kutoka Mokowe na wimbi likaingia mashuani, usiiwashe kuijaribu. Toa betri hapo hapo. Maji ya chumvi yakikaukia ndani ndiyo yanayoua saketi, kwa hiyo ifungue, isuuze kwa maji yaliyochujwa ya betri za gari, yale yasiyo na asidi, kisha kwa spiriti, uiache ikauke kivulini siku mbili au tatu. Nimeona iliyookolewa hivyo ikafanya kazi.

Taa inawaka lakini hakuna sauti, au haina tofauti yoyote

Hakuna tofauti: huenda kizingiti kiko juu kuliko pigo lako kali, na hilo linarekebishika kwa nobu. Taa inawaka na hakuna sauti: angalia kebo ziko tundu sahihi, la kuingia na la kutoka, nimelikuta kosa hilo zaidi ya mara moja gizani. Badilisha kebo moja moja. Igonge pedali taratibu kwa kidole sauti ikiwa imefunguliwa kidogo. Ikikatika na kurudi, kuna kiungo cha waya kilichounganishwa kwa risasi kilicholegea, aghalabu kwenye tundu la jeki.

Ukimpelekea fundi, usimwambie "imeharibika" ukaondoka. Mwambie ilikatika ukiwa na betri au adapta, adapta hiyo ni ya volti ngapi, na kama sauti inapita pedali ikiwa imezimwa. Mpelekee na adapta yenyewe. Fundi anayejua redio na televisheni, akishapata hayo matatu, anajua aanzie wapi.